Mwalimu Ambilikile na Miaka Kumi na Mmoja Ng'ambo ya Songwe

Ndugu waombolezaji, na wageni wetu mliovuka daraja la mto Songwe kutoka Malawi, mugonile. Karatasi hizi zimefika mikononi mwenu zikiwa bado na joto la mashine, na kamati ya mazishi inaomba radhi. Zilichelewa kwa sababu ya sentensi moja. Mjane wa marehemu, Atupele, ambaye wengi mnamwita Mama Ezekiel, aliisomea rasimu ya kwanza jikoni, akafika palipoandikwa "mwaka 2014 alikwenda kufundisha nchini Malawi", akairudisha.

"Kwa nini?" aliuliza.

Akajibiwa kwamba ndivyo ilivyokuwa, alikwenda.

"Najua alikwenda, begi nilimfungia mimi. Nauliza kwa nini. Mimi siwezi kumzika mtu na swali. Mniandikie kama alinikimbia au hakunikimbia, ndipo tuzike."

Basi wasifu huu umejaribu.

Mwalimu Ambilikile Ezekiel Mwasyeba alizaliwa tarehe 3 Machi 1959 katika kata ya Ikolo, mtoto wa pili wa Mzee Ezekiel Mwasyeba, mkulima wa mpunga, na mkewe. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ikolo kuanzia mwaka 1967 hadi 1973. Dada yake, Bi Kisa, anakumbuka kwamba alipokuwa darasa la nne mwalimu wao aliugua malaria, na Ambilikile akasimama mbele bila kutumwa na mtu, akafundisha hesabu, na kisha akatoa kazi ya kufanyia nyumbani. Kilichomshangaza Bi Kisa ni kwamba watu waliifanya. Alimaliza kidato cha nne mjini Mbeya mwaka 1977, akasomea ualimu wilayani Rungwe hadi mwaka 1979.

Kazi aliianza Januari 1980 huko Kasulu, Kigoma, alikokaa miaka saba. Mwaka 1987 alirudi Kyela, akapangiwa shule ya msingi katika kata ya Ipyana, na hapo akafundisha miaka ishirini na saba. Nusu ya mliokaa chini ya maturubai haya aliwafundisha kuzidisha, na wapo ambao hadi leo kazi hiyo haijazaa matunda. Yeye hakuwahi kuwataja kwa majina, nasi tutafuata mfano wake.

Alifunga ndoa na Atupele katika kanisa la Kilutheri, Ikolo, tarehe 8 Oktoba 1983. Akamchukua hadi Kasulu kwa treni na magari ya mizigo, naye alifika huko akasema hatapanda tena chombo chochote kinachopiga kelele. Walijaliwa watoto watatu: Ezekiel, Felista na Anyelwisye. Nyumba yao ilikuwa ya amani, ukiacha mabishano ya kila siku kuhusu redio.

Hadi hapo hakuna aliyechanganyikiwa. Kuchanganyikiwa kulianza tarehe 1 Julai 2014, siku marehemu alipostaafu kwa hiari, akiwa na miaka hamsini na mitano, mzima wa afya, na sauti yake ikisikika hadi kwenye mashamba ya kokoa. Septemba mwaka huo akavuka mpaka wa Kasumulu, akaanza kufundisha Kiswahili katika shule binafsi ya sekondari nje kidogo ya Karonga. Nyumbani akawa mtu wa kuja mwisho wa mwezi na wakati wa likizo.

Kwa nini mtu aache kufundisha kwao akafundishe kwa watu? Swali hilo liliulizwa upya kwenye matanga usiku wa Jumanne, na kila mwenye mdomo alikuwa na jibu.

"Alifuata kwacha," alisema Bi Kisa.

"Kwacha ya nini, dada?" alijibu jirani yetu, Mzee Asajile. "Watu wa huko wenyewe wanavuka kuja kwetu kutafuta shilingi."

"Basi alinyimwa ukuu wa shule, akachukia."

"Aliukataa mwenyewe, nilikuwepo. Kisa, tusifichane. Mwanaume akivuka mto na begi, ng'ambo kuna mama."

Mama Ezekiel alikuwa nyuma yake na sufuria ya chai. Alimimina kikombe cha kila mtu, akamruka Mzee Asajile, akaingia ndani. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameyasikia hayo sokoni, kwenye kwaya na hata kwenye foleni ya mashine ya kukoboa mpunga. Hakuwahi kumwuliza mumewe waziwazi. Aliogopa angejibiwa.

Jibu, au kipande chake, lilifika Jumatano pamoja na mwili. Mwalimu Jackson, mkuu wa shule aliyokuwa akifundisha marehemu, alikuja na walimu wenzake na wanafunzi, wote wakiongea Kiswahili walichofundishwa na Mwalimu Ambilikile, yaani Kiswahili chenye lafudhi ya Kyela mwanzo hadi mwisho. Vijana hao wamemwamkia shikamoo kila kiumbe, hadi mtoto wa Ezekiel wa darasa la pili, naye akaitikia marahaba bila aibu. Wakati wa chakula Mama Ezekiel alikaa mkekani karibu na Mwalimu Jackson, akamwuliza mbele ya wote.

"Mwalimu, mume wangu alikuwa na mwanamke huko?"

"Hapana, Mama. Alikuwa na redio."

"Sasa alifuata nini?"

Mwalimu Jackson alimtazama Ezekiel, akatazama chini. Alisema siku ya usaili naye aliuliza hivyo hivyo, na mzee akamjibu, "Shuleni kwetu ofisi ya walimu ni moja na mlango ni mmoja. Kuna mwalimu mgeni, anatakiwa apate pa kukaa."

Wageni wa mikoa mingine hawakuelewa. Sisi wa hapa tulielewa kwa pamoja, na tukaona haya kwa pamoja.

Kwetu, baba mkwe na mkamwana huheshimiana kwa kukwepana. Hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, hawatajani majina. Nyumba nyingi zimelegeza. Ya Mwasyeba haikulegeza. Asifiwe, mke wa Ezekiel, ni mwalimu. Aliolewa mwaka 2010 akiwa anafundisha Singida, akaomba uhamisho wa kumfuata mumewe, akausubiri hadi Januari 2014. Ulipokuja, kati ya shule zote za Kyela, ukamtua katika shule ya baba mkwe wake.

Masika ya mwaka ule Asifiwe alisahihisha madaftari barazani, mvua ikimpiga ubavuni. Wazazi walilalamika kwamba vema za mwalimu mpya zinatiririka. Na marehemu, akiwa ndani, hakuweza kutoka bila kumpita pale mlangoni. Siku moja alitoka kwa dirisha, mwalimu wa miaka thelathini na minne kazini, koti mwilini na boksi la chaki mkononi. Darasa la tano walimwona, na kwa wiki nzima hakuna mwanafunzi aliyetumia mlango. Mchungaji alimwambia mambo hayo yamepitwa na Injili. Akajibu, "Roho imeokoka, Mchungaji. Miguu bado."

Kuomba uhamisho kulitaka aeleze sababu. Mwalimu Jackson alikumbuka maneno yake vizuri: "Nikisema sababu, yule binti ataitwa mwanamke aliyemfukuza baba mkwe. Kustaafu hakuna anayekuuliza. Lakini mimi kufundisha sijachoka, na nikifundisha shule nyingine hapa hapa Kyela wataniuliza niliacha ile kwa nini. Nikivuka mpaka, kila mtu atajijibu mwenyewe."

Ni kweli, tulijijibu. Tulimwita mpenda kwacha, mwenye kinyongo na mwenye nyumba ndogo, naye alikuja kila mwisho wa mwezi, akatusalimia sote, akala ndizi zake za mbalaga, akaondoka.

"Na mimi?" aliuliza Mama Ezekiel. "Hao wengine wajijibu. Mimi kwa nini hakuniambia?"

"Hilo sikumwuliza, Mama."

Mzee Asajile, ambaye alikuwa hajapewa chai tangu jana yake, alijaribu kusaidia. "Shemeji, angekwambia, ungemtazamaje mkamwana wako?"

"Vizuri tu."

"Vizuri vipi? Ungemjua kuwa ndiye aliyekuondolea mume."

"Asajile, kula ugali wako."

Lakini Mama Ezekiel hakuinuka pale mkekani kwa muda mrefu.

Kuna wanaouliza iwapo ni sawa mambo haya kusomwa leo. Asifiwe mwenyewe alikuwa jiko la nje Jumatano ile, akasikia yote. Miaka yote hiyo alidhani mzee aliondoka kwa kuchukizwa naye. Asubuhi ya Alhamisi alikuja na kusema, "Iandikwe. Yeye alinyamaza kwa ajili yangu. Mimi nikinyamaza, Mama atabaki na ile ya Asajile." Jina la mkwewe hakulitaja, na hapa hatukumshawishi alitaje.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba sasa kila kitu kimenyooka. Mwaka 2019 Asifiwe alihamishiwa shule nyingine, Bondeni mjini. Ofisi ya Ipyana ikabaki bila mtu wa kumkwepa. Marehemu alikuwa huru kurudi, hata akitaka kuwafundisha wajukuu barazani kwake, na hakurudi. Mwaka 2020, wakati wa korona, alibaki huko miezi mingi, na Mama Ezekiel akawa anamsikia kwenye simu tu. Mwalimu Jackson anasema kila mwaka walipomwuliza, alijibu, "Nimalize na hawa." Hawa wakimaliza, walikuwa wanakuja wengine. Mwanafunzi mmoja aliulizwa jana anavyofikiri yeye, akasema labda ni kwa sababu huko mzee hakuwa baba wa mtu wala mkwe wa mtu, alikuwa mwalimu tu, akikaa kiti chochote alichokikuta. Bi Kisa bado anasema ni kwacha. Sababu iliyomvusha mto tumeipata. Iliyombakiza huko huenda yeye mwenyewe aliitafuta pia.

Marehemu aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2021. Alitumia dawa kwa utii, na soda kwa siri. Mwezi Mei mwaka huu kidonda kilimtoka mguu wa kushoto, na Julai akalazwa hospitalini Karonga. Mkewe alimfuata, akapanda vyombo vyenye kelele na kumuuguza hadi mwisho. Katika siku hizo waliongea habari za mpunga, za wajukuu, na za redio nani abaki nayo. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, na mkewe akatangulia nyumbani siku hiyo hiyo kupokea waombolezaji.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, mkamwana mmoja, wajukuu watano, dada mmoja, na wanafunzi wa nchi mbili. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu na wanafunzi wa Karonga, Mchungaji na washarika wote. Ndaga fijo.

Rasimu hii ya mwisho alisomewa Mama Ezekiel jana jioni, neno kwa neno. Aliuliza tu, "Kwa hiyo hakunikimbia?" Akaambiwa, kwa tulivyoelewa, hakukukimbia. Akafuta macho kwa upande wa kanga, akasema, "Miaka kumi na mmoja. Si angeniambia hata gizani, mimi ningekaa nalo." Akaruhusu karatasi ziende kuchapwa, kwa sharti kwamba maneno yake yamalizie.

Mwalimu Ambilikile alale kwa amani. Mkewe anasema atamsamehe, ila si leo.