Sindano ya Nane

Marehemu bibi yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa mwisho wa karani wa posta. Mkunga alisema alichelewa kulia. Dada yake mkubwa anasema alikuwa anawahesabu kwanza waliomo chumbani.

Alimaliza sekondari mwaka 1976 na chuo cha uuguzi mwaka 1980. Mwaka 1983 alipelekwa ng'ambo kusomea tiba ya sindano zisizo na dawa, akarudi na kisanduku cha sindano nyembamba kama unywele. Wauguzi wenzake walimwuliza kama sasa atakuwa anadarizi wagonjwa.

Alihudumu miaka thelathini na miwili katika wodi ya upasuaji. Waliokatwa saratani ya utumbo mpana waliletwa kwake matumbo yakiwa bado yamelala. Aliwachoma sindano nane, nne kila mguu, chini ya goti. Sisi wajukuu tulimwuliza mguu unawezaje kuamsha tumbo, akasema hata walimu wake walibishana. Hakumdanganya mtu kwamba sindano zinaondoa saratani. "Mimi nabisha hodi tu," alisema. Kila asubuhi aliuliza bila haya, "Mzee, umejamba?" Mwalimu mkuu mmoja mstaafu alimnunia siku nne. Siku ya tano wodi nzima ilimsikia, na bibi akamwambia kwa upole, "Karibu tena nyumbani."

Mwaka 1986 alimtibu goti fundi umeme aliyeanguka kutoka ngazini. Kesho yake fundi alirudi akichechemea, akafungua karatasi mezani. "Dada, umesahau kitu chako." Ilikuwa sindano. Tangu hapo bibi alizihesabu kwa sauti akizichomoa, na namba ya mwisho aliitamka mgonjwa mwenyewe. Kabla hajaitamka, mgonjwa haondoki kitandani. Yule fundi alimwoa tarehe 5 Desemba 1987. Ndiye babu yetu.

Februari 2024 saratani ileile ilipatikana kwake, akapasuliwa. Binti yake wa pekee, aliyefundishwa kazi naye, ndiye aliyemchoma sindano. Siku ya tatu tumbo likanguruma, bibi akacheka huku ameshika mshono. Mwaka huu ugonjwa ulirudi, ukafika kwenye ini. Dawa za maumivu zilimfunga choo, basi sindano zikaendelea, za kumpa nafuu tu.

Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, chumbani kwake nyumbani, binti yake alikuwa anazichomoa. Alihesabu mpaka saba, akamsubiri mama yake aseme. Alisubiri sana. Ya nane aliichomoa, lakini namba hakuitamka, na mpaka leo hajaitamka. Akihesabu vikombe vya wageni hufika saba, akanyamaza, akageuka kuelekea chumba cha mama yake kama mtu aliyeitwa. Na sisi tumejikuta tunageuka naye.

Juzi babu alimwambia, "Mwanangu, sema tu. Amechoka kusubiri."

"Baba, nikisema ataondoka kitandani."

Marehemu ameacha mume, binti, mkwe, dada mmoja na wajukuu watatu. Ile sindano ya mwaka 1986 imo mfukoni mwa babu, ndani ya karatasi. Binti yake ameomba asihimizwe. Udongo utangoja, na sisi tutanyamaza mpaka aseme. Akishasema, bibi, inuka. Nenda ukapumzike kwa amani.