Miaka Ishirini na Mitatu Mlangoni mwa Sinema Mwangaza

Tarehe 30 Juni 1987, Papa Philémon anastaafu baada ya kuchana tiketi mlangoni mwa Sinema Mwangaza kwa miaka ishirini na mitatu. Kwenye karatasi za kazi, kama serikali inavyotaka, ni citoyen, yaani raia, Bisimwa. Mjini wote wanamjua kwa jina la ubatizo. Zamani jarida hili la wafanyakazi lilipigwa chapa nakala arobaini. Safari hii nimepiga tatu: yake, ya Camille anayeendesha mashine ya filamu, na yangu mimi Agathe wa dirisha la tiketi. Wafanyakazi ndio sisi.

Alipoanza kazi, avenue yetu ilikuwa na sinema tatu, na Jumapili magari yalipita hapa kwa kuomba njia. Leo Kahuzi ni ghala la saruji, Étoile ni chumba cha maombi, na sisi tunaonyesha filamu kwa watu tisa. Mvua ikinyesha wanafika kumi na watano, maana wanaingia kujikinga. Nikitazama nje kutoka dirishani kwangu nahisi upweke, wala sioni aibu kuuandika.

Kazi yake aliijua. Tiketi ya jana aliitambua kwa kuigusa tu. Hata kwenye harusi ya Camille, alipowekwa mlangoni kupokea kadi za mwaliko, alizichana zote katikati na kuwarudishia wageni vipande. Mama mkwe wa Camille alinuna mpaka keki ilipokatwa.

Lakini mlinda mlango haoni filamu nzima. Dakika kumi kabla ya mwisho ilimbidi atoke nje kwenye ngazi kuwazuia waliosubiri zamu ya pili, wasikanyagane na wanaotoka. Mwisho wa kila filamu aliupata kwa mkewe, Maman Georgette, aliyekaa ndani kila Jumapili na kumsimulia njiani wakipanda kurudi nyumbani Bagira. Jumatatu naye alitusimulia sisi, na kila filamu iliisha vizuri. Camille, aliyeziona zote, alisikiliza bila kusema neno. Nilidhani ni adabu.

Maman Georgette alifariki miaka minne iliyopita.

Majuzi tulimwuliza Papa Philémon anataka zawadi gani. Akataja filamu moja ya mapenzi, ile mkewe aliyoipenda kuliko zote, aione hadi mwisho. Jumamosi mchana nilishika mlango mimi, Camille akapanda kwenye mashine, naye akakaa peke yake kati ya viti mia tatu, amevaa koti lake la kazi. Alipotoka alisimama karibu nami.

"Ule mwanamuke anakufa," akasema. "Georgette aliniambiaka alipona, wakaoana."

Camille aliposhuka alimwambia kabatini zimo filamu nyingine, tungeweza kumwonyesha moja kila siku hadi siku ya kuaga. Nilitamani akubali, angalau tungekuwa na mtu ndani.

"Hapana, Camille. Ile ingine yote muniachie vile Georgette aliisemaka."

Papa Philémon, aksanti kwa miaka yote uliyosimama ili wengine wakae. Tunakuombea uzee mtulivu, na miguu yenye nguvu ya kupanda Bagira. Ukishuka mjini, pita utusalimie, tumebaki wawili. Kuhusu zile filamu usiwe na wasiwasi: Camille ameahidi kunyamaza, nami sitamwuliza zinaishaje.