Tarehe Tano Alizozisogeza Kokuberwa

Baba Paroko, wazee wa Bujora, nyumbani kwa shemeji yetu, mliotupokea, ndugu tuliotoka Kagera, majirani wa Kirumba, na wafanyakazi wenzake mliokuja na mabasi mawili, haya ndiyo maisha ya dada yetu Kokuberwa Rutashobya, yanasomwa na mdogo wake Muganyizi kwa niaba ya familia.

Kokuberwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1980 huko Kamachumu, wilayani Muleba, mtoto wa pili wa Mzee Rutashobya, mkulima wa kahawa, na Mama Bernadetta. Familia imekubaliana isifiche kwamba alikuwa mwoga tangu utotoni, aliogopa radi, aliogopa mbwa wa jirani, na kila alipopanda meli ya kuja Mwanza alisali rozari kutoka Bukoba mpaka bandarini bila kusinzia, tukimcheka, naye akicheka nasi huku midomo yake ikiendelea na sala.

Alisoma shule ya msingi Kamachumu kuanzia 1988 hadi 1994, akaendelea na sekondari Bukoba hadi 2001, kisha akaja Mwanza kusomea ugavi, akapata stashahada yake tarehe 26 Novemba 2004.

Tarehe 1 Machi 2005 aliajiriwa kuwa karani wa ghala katika kiwanda cha mafuta ya mbegu za pamba kilichoko Igogo. Mwaka 2017, kiwanda kilipoleta mfumo wa kompyuta wa kupanga uzalishaji, wapo walioukimbia, yeye akaujua kuliko hata waliouleta, akafanywa mpangaji wa uzalishaji, na kila asubuhi alitakiwa kujua mbegu ziko tani ngapi, madumu matupu ni mangapi, mashine ipi iko tayari, ndipo aruhusu oda ya siku ianze kutengenezwa. Mashine iliyopitiliza tarehe yake ya ukaguzi, mfumo uliionyesha kwa rangi nyekundu, na oda haikutoka.

Alifunga ndoa tarehe 22 Septemba 2007, katika kanisa la Kirumba, na shemeji yetu Machibya Shimba, mwendesha boila wa kiwanda hichohicho, yaani mtu anayesimama mchana kutwa mbele ya lile tangi kubwa la chuma linalotoa mvuke. Mungu aliwajalia watoto wawili, Sharon, aliyezaliwa tarehe 11 Mei 2009, na Alexander, aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 2013.

Hapa tunaomba utulivu, maana linalofuata aliliagiza mwenyewe lisomwe.

Boila ile ilipaswa kukaguliwa tarehe 7 Februari 2024, na ukaguzi ungesimamisha kiwanda siku nne, wakati oda za Mwezi Mtukufu zilikuwa zimejaa. Mkubwa wake wa kazi alimwambia asogeze tarehe kwenye mfumo, ni tarehe tu mama, chuma hakijui kalenda, naye akaisogeza mwezi mmoja mbele, nyekundu ikageuka kijani, oda ikatoka, na hakuna kilicholipuka. Ilipofika tarehe hiyo mpya aliisogeza tena, na tena, mara tano kwa mkono wake mwenyewe kabla mwaka haujaisha, na kila mara mfumo ulikubali bila kuuliza kitu.

Tangu hapo dada yetu hakuwa na raha. Alimpigia mumewe simu mara nne au tano kwa zamu moja, kumuuliza tu kama amekula, mpaka wenzake Machibya wakamtania kwamba mkewe ana wivu wa boila. Mwezi Novemba Machibya alisema mezani, kama mtu anayesimulia habari za kawaida, kwamba siku hizi boila inapiga mluzi asioujua, na Kokuberwa akaacha chakula, akaingia chumbani. Kesho yake aliandika kwenye mfumo kwamba boila isimamishwe, na kabla ya saa sita mchana maandishi yake yalikuwa yamefutwa. Aliiogopa boila, akamwogopa mkubwa wake, na akaogopa kuliko vyote kumwambia mumewe, kwa sababu alimjua, angeigomea kazi siku hiyohiyo, na watoto wawili wanasoma.

Shinikizo la damu lilikuwa limegunduliwa tarehe 18 Agosti 2021, lakini na tarehe zake za kliniki alizisogeza vilevile, wiki hii oda, wiki ijayo hesabu ya ghala, mpaka Januari mwaka huu miguu ilipovimba, ikaonekana figo zimechoka, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Tarehe 3 Juni, akiwa wodini, alimwita mumewe pamoja na Mama, akaeleza yote. Machibya alitoka nje, akarudi, akachukua bakuli akaendelea kumnywesha uji, wala hakumwachia mtu mwingine kijiko mpaka Alhamisi ya tarehe 12 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, alipofariki.

Aliagiza tuseme hivi. Kwenye kompyuta ya kiwanda imeandikwa kwamba ukaguzi wa boila ni tarehe 30 Agosti 2025, na tarehe hiyo aliiweka yeye mara ile ya tano, si ya kweli. Mara ya mwisho boila ile kuguswa na mkaguzi ilikuwa Jumanne, tarehe 7 Februari 2023. Machibya amesema hataiwasha, lakini waendesha boila wako wanne, na familia haijui hao watatu watafanya nini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, tunawashukuru majirani wa Kirumba waliopika na kukesha nasi, tunaushukuru uongozi wa kiwanda kwa jeneza na mabasi, na haya tumeyasema mbele yao, hatukuyasema kisogoni. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wote, hasa ninyi ambao Jumatatu saa moja asubuhi mnaingia kazini, tarehe mmeisikia.

Koku, zamu ya kuogopa sasa ni yetu, wewe pumzika kwa amani.