Jina Tunalo, Mama Kwanza: Maisha ya Atim Filda Oyat, 1974–2025

Marehemu Atim Filda Oyat alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 katika kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala, mtoto wa kwanza wa Sajini Oyat na Mama Lakica. Alilia kwa sauti iliyoamsha majirani wote, na hakuna aliyeshangaa baadaye alipolipwa mshahara kwa kuongea.

Alisoma shule ya msingi Nsambya, sekondari Gulu, kisha Chuo Kikuu cha Makerere, alikohitimu mwaka 1997. Akiwa darasa la saba, baba yake alifariki katika ajali ya lori huko Karuma. Mama alikuwa akichambua maharage, redio ikinguruma, ndipo alipolisikia jina la mumewe likitangazwa kabla mtu yeyote hajabisha hodi. Jambo hilo lilimuuma Atim maisha yake yote.

Mwaka 1999 aliajiriwa kusoma taarifa ya habari ya Kiswahili kwenye televisheni. Kiswahili cha kambini kilibidi kipigwe pasi. Mama alimcheka: "Wee Atim, sasa unaongea kama watu ya Mombasa! Mimi hapana sikia kitu." Lakini hakukosa taarifa hata moja.

Atim alikuwa na sharti lake: jina la marehemu halisomwi mpaka mama yake aambiwe. Mwaka 2016 konstebo mmoja alifariki kazini, na mhariri akaamuru jina lisomwe upesi, vituo vingine visije vikatangulia. Atim alitazama kamera, akasema, "Jina tunalo. Mama kwanza." Alisimamishwa kazi. Hakuomba radhi. Alipanda boda boda hadi Kamwokya kwa mama wa konstebo, akamkuta hajawasha televisheni, akaketi naye mkekani mpaka ndugu walipofika kumwambia. Simu za watazamaji zilimiminika kituoni kumtetea, naye akarudi kitini kichwa juu.

Tarehe 5 Juni 2004 alikuwa amefunga ndoa, kanisani Nsambya, na Kakule Blaise, mpiga picha aliyekuja Kampala kama mkimbizi kutoka Beni, Kongo. Kakule husema mapenzi yalianza kwa karipio: "Kila siku ananiambia nimemkata kichwa kwenye picha!"

Kansa ilimpata mwaka 2022. Aliendelea kusoma habari, kilemba kikimpendeza kuliko nywele alizopoteza. Nabwire, msomaji ambaye Atim alimfundisha kazi, aliachiwa usia: "Hata mimi. Mama kwanza."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, adhuhuri, hospitalini Nsambya. Jioni waandishi wote wa Kampala walikuwa wanajua. Mama Lakica alikuwa Gulu mbele ya televisheni yake, na Odyek, mdogo wa marehemu, alikuwa bado njiani kumpelekea habari. Nabwire alianza taarifa kwa macho makavu. Hakuna kituo kilichotaja jina. Odyek aliingia, akamshika mama mkono, akamwambia kwa kinywa chake, ndipo akapiga simu Kampala. Mwisho wa taarifa Nabwire akasema, "Mama ameshajua," kisha akalitaja jina, na machozi yakamtoka.

Ameacha mume, Kakule; watoto, Tresor na Lanyero; mdogo wake, Odyek; na mama, Lakica.

Atim, mama anajua. Sasa pumzika kwa amani.