Mama Pindo, Aliyechelewa Kusema Anachotaka

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una kazi mkononi endelea nayo, ila nitegee sikio. Leo tunamkumbuka mshonaji mmoja. Jina lake la kuzaliwa wengi hatukulijua. Tulimwita Mama Pindo, kwa sababu nguo yoyote aliyoishika, hata iliyoletwa kubadilishwa zipu tu, iliondoka na pindo lililonyooka. Amefariki wiki iliyopita nyumbani kwake. Mama Pindo, mshonaji, ametutoka.

Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha la barabarani. Ukipita ulimwona ameinama, pini mdomoni. Watoto wake watatu walikuwa wakitania kwamba zile pini ndizo zilizomziba mdomo. Maana mama huyu hakuwa na neno. Ukuta ukipakwa rangi ya njano, sawa. Ukipakwa kijani, sawa. Ukimuuliza yeye angependa nini, anakujibu, "Kwani ninyi mnaonaje?" Watu wakamsifu: mpole, hana makuu.

Mwaka huu maradhi ya ini yakamlaza. Daktari hakuficha. Imebaki miezi michache. Nasema tena, miezi michache. Familia ikajiandaa kumtunza yule yule mama asiye na neno.

Asubuhi moja mumewe, fundi bomba mstaafu, akamletea chai kitandani. Chai ya maziwa, nzito, kama alivyomletea kwa mapenzi tangu walipooana. Mama Pindo akakitazama kikombe, akakisogeza pembeni.

"Baba watoto, mimi maziwa kwenye chai siyapendi."

"Haya ya leo? Yameharibika?"

"Ya leo hayana neno. Siyapendi tangu siku ya kwanza."

Binti yao mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Ameniambia hivi: "Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikamwona Baba. Baba hakucheka."

Mzee alitoka uani, akawa anakaza bomba ambalo wala halikuwa linavuja. Aliporudi, akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unanivumilia?"

"Niliivumilia chai," akasema mkewe. "Wewe nilikupenda."

Basi, wasikilizaji, mdomo ukafunguka. Mapazia ya maua yakashushwa. Kumbe hakuwahi kuyapenda. Wifi yake, aliyezoea kuja kushinda pale akisimulia magonjwa ya watu, akaambiwa, "Wifi yangu, nakupenda, ila habari za figo za watu leo zinitoshe." Nyumba ikachangamka.

Lakini kulikuwa na jambo zito zaidi. Lilitoka jioni moja, binti akimkanda miguu, mzee ameketi kitini.

Zamani, mtoto wao wa mwisho alipoanza shule, mkuu wa chuo cha ufundi alifika pale nyumbani. Alikuwa ameona sare alizoshona Mama Pindo. Akamwomba akafundishe ushonaji chuoni. Mama Pindo akajibu kwamba kazi za nyumbani zimemzidi. Mgeni akashukuru, akaenda zake.

"Nilitaka kwenda," Mama Pindo akasema jioni hiyo. "Nilitaka mno. Nilikutazama wewe, baba watoto, nikaona umenyamaza. Nikajua hutaki."

Mzee akasogeza kiti. "Nilinyamaza nikisubiri uamue. Uliposema hapana, nikajua hupendi. Mke wangu, ungesema tu. Ningekubali. Ningekupeleka mwenyewe."

"Najua. Na ndicho kinachoniuma. Ungenikatalia, leo ningekuwa na wa kumlaumu. Hakuna aliyenikataza. Sikuomba."

Narudia maneno hayo, wasikilizaji wapendwa. Hakuna aliyenikataza. Sikuomba. Muuguzi aliyekuwa akija kumhudumia ameniambia kwamba kwa wagonjwa wake, majuto ya namna hii huyasikia mara nyingi zaidi kuliko majuto ya makosa.

Kesho yake mzee aliiburuta meza ya kulia chakula mpaka kando ya kitanda, kisha akapita nyumba kwa nyumba. "Mke wangu anafundisha kukata nguo. Anayetaka, aje na mkasi." Wakaja wanawake wa mtaa, pamoja na kinyozi wa pale kona aliyesema amechoka kukata nywele.

Mama Pindo akaegemea mito, akafundisha. Na alikuwa mkali! Jirani mmoja anakumbuka: "Nilikosea bega, nikalikata limenyooka. Akaniuliza, 'Huyo utakayemvalisha ana mabega au ana meza?' Tulicheka, naye akacheka mpaka akashika ubavu." Alifundisha hadi mkono uliposhindwa kushika mkasi, akawa anaelekeza kwa kidole. Kidole nacho kilipochoka, akawa analala tu akisikiliza kitambaa kikikatwa.

Je, majuto yaliisha? Binti yake alimuuliza kama sasa ameridhika. Mama Pindo akamjibu, "Nimefurahi, mwanangu. Kuridhika, bado. Ningependa niwe na miaka mingine mbele."

Alifariki asubuhi, kwa utulivu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Juzi nilikwenda kuketi na mzee. Akaniambia: "Nimeishi na mwanamke mpole, nikadhani namjua. Yule mkali wa mwisho, ndiyo kwanza nilikuwa naanza kumfahamu. Ndiye ninayemlilia zaidi."

Mzee wetu, pole. Poleni watoto, pole wifi, poleni wanafunzi wake wote. Mungu awatie nguvu, naye ampumzishe Mama Pindo kwa amani.

Na wewe unayenisikiliza, huenda kuna kitu unakitaka na hujakitamka, kwa kudhani utakataliwa. Kitamke leo. Na kama nyumbani kwako yupo mtu anayekubali kila kitu, mkalie karibu, muulize anataka nini. Akikujibu haraka haraka, usiinuke. Muulize tena.