Bariki Sumari na Swichi Aliyoitoa

Bwana asifiwe. Mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani, poleni na msiba. Mimi ni Evaresta, binti yake wa kwanza, na familia imenituma nisome maisha ya baba yetu, Bariki Sumari.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 huko Akheri, akamaliza darasa la saba hapo hapo mwaka 1972, akajifunza ufundi wa redio kwa mjomba wake, na mwaka 1981 akafungua karakana Daraja Mbili, alikotengeneza amplifaya za gitaa za vali, zile zenye taa za kioo zinazowaka ndani. Alifunga ndoa na mama yetu, Tekla, tarehe 16 Juni 1984, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Oscar.

Agosti 2015 kwaya yetu ilimletea amplifaya, akaifunga upya bila swichi ya stendibai, ile inayoziacha vali zikiwa na moto huku zimezuiwa kufanya kazi, kwa sababu kwaya iliiacha hivyo kutwa nzima kati ya ibada, vali zikichakaa bure, wakati kuizima kabisa kulitosha. Aliwaeleza, akawakabidhi swichi yao ndani ya bahasha. Aliyekuwa mwenyekiti wa kwaya akaipokea bahasha hiyo, na Jumapili akatangaza kanisani kwamba fundi ameiba kifaa. Nachukizwa hata kulitamka. Wateja walimkimbia baba, mama akaacha kuimba kwayani.

Fundi mwingine akairudisha swichi, na tangu hapo vali zikafa mara tatu. Februari 2024, baba akiwa anaugua figo, viongozi walewale wa kwaya waliileta amplifaya nyumbani, wakaketi, wakanywa chai ya mama, wasiombe radhi hata kwa neno moja. Kinyaa kilinishika, nikasimama niwatoe nje.

"Evaresta," baba akasema, "niletee bisibisi."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaitoa swichi kwa mara ya pili, na vali alizoweka siku ile zinafanya kazi mpaka leo.

Alifariki tarehe 3 Mei 2025, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Daraja Mbili, na mafundi wenzake waliofunga karakana zao kuja hapa. Kwaya, shada lenu tumelipokea, lakini tangazo lile hamjalifuta kwa miaka kumi, kwa hiyo ninalifuta mimi, mbele ya walewale waliolisikia: Bariki Sumari hakuiba.

Pumzika sasa, baba, kwa amani.