Bwana Gramu, Fundi Aliyetaka Kutosha Shimoni na Kuyaweza Mawe

Marehemu ndugu yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Bwana Gramu, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa tatu na kitinda mimba. Baba yake alikuwa fundi wa mizani na mama yake mpishi wa shule. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alizaliwa mkubwa hata mkunga akamwita mwenzake aje ajionee. Baba hakuridhika na kipimo cha mkunga, akarudi nyumbani kuchukua mizani yake mwenyewe. Wakapishana gramu hamsini, mkunga akanuna, na mtoto akapata jina siku hiyo hiyo. Wanaosema jina lilitoka sokoni kwa ajili ya ubishi wake na wauza nyama, wasamehewe, ubishi nao ulikuwepo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974. Hesabu alizipenda. Mbio hazikumpenda. Katika michezo ya shule alifika wa mwisho kila mara, mpaka mwalimu akamwonea huruma akampa filimbi ya kuanzishia wenzake. Baada ya hapo alikaa na baba karakanani, kisha akaenda chuo cha ufundi na kupata cheti chake mwaka 1979. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na katika hayo machache methali moja ilichukua nafasi kubwa: mshika mawili moja humponyoka. Ukishika bisibisi, weka nyundo chini. Ukila, usizungumze. Methali hiyo ilimlea vizuri sana marehemu, na ni hiyo hiyo iliyompotezea miaka, kama mtakavyosikia.

Tarehe 1 Februari 1983 aliajiriwa ofisi ya vipimo, kitengo cha mizani za malori. Kwa wasiojua, mizani ya lori ni sakafu ya chuma ambayo gari zima hupanda juu yake, na chini yake kuna shimo lenye vyuma vinavyobeba ule uzito. Kuikagua, fundi hupanga juu yake mawe ya mizani, ya kilo ishirini kila moja, kwa mkono, moja baada ya jingine, safu kwa safu. Akiona kipimo kimepotoka, anainua kifuniko cha chuma pembeni, anajipenyeza tunduni, anashuka kurekebisha. Na hao mafundi wa kitengo walikuwa na desturi yao ya tangu zamani: aliyepanga mawe ndiye anayeshuka. Hawakukubali mmoja apange na mwingine ashuke, kwa sababu kipimo kikikataa kila mmoja atamsukumia mwenzake, na wenye ghala watapata pa kupenya na udanganyifu wao. Marehemu aliishika desturi hiyo kwa mikono miwili. Mizani za mezani, zile za dukani, aliziita vijiko.

Alifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1987 na fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye leo ni mjane wake. Walijaliwa watoto watatu. Ndoa yao ilikuwa ya utani mwingi. Yeye alipima kila kitu kwa kilo na mkewe kwa tepu, na hakuna aliyekubali kipimo cha mwenzake. Mke alikuwa na mkono mzuri jikoni, mume alikuwa na shukrani nyingi mezani, na mwili wa marehemu ukaenda ukiongezeka pole pole kama unga unaoumuka. Hakuna aliyeona ubaya. Kitambi kwa mtu mzima mwenye kazi, nani atauliza?

Tuseme sasa habari ya mwaka 2009, maana bila hiyo hamtamjua ndugu yetu. Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, kwenye ghala la nafaka, alimaliza kupanga mawe, akainua kifuniko, akatanguliza miguu, na alipofika kiunoni akakwama. Hakwenda chini wala hakurudi juu. Madereva waliokuwa kwenye foleni walishuka kwenye malori yao kuja kutazama. Mmoja akauliza kama mizani hiyo humeza kila fundi au wanene tu. Ilibidi wampake grisi ubavuni na kumvuta kwa makwapa. Aliporudi nyumbani hakula. Mkewe alimuuliza shati limeingiaje grisi mgongoni, akajibu kwamba kazi ni kazi.

Daktari alimkuta na sukari iliyoanza kupanda, akamwambia wazi: apunguze mafuta ya mwili lakini atunze misuli. Akimbie au atembee kwa kasi, anyanyue vyuma, ale mayai na maharage, apumzike. Vyote pamoja. Msimamizi wake wa kazi, dada mdogo kwa umri ila mkubwa kwa cheo, alimwambia kwa heshima kwamba akishindwa ama tundu ama mawe, itabidi ahamie mizani za mezani. Basi hilo ndilo lililomkaa rohoni. Kwa daktari alisikia maneno mengi, akachukua moja.

Alichukua mbio. Kaka yake alimuuliza na vyuma je, akajibu kwamba baba alisemaje? Akaanza kuzunguka uwanja wa shule kila alfajiri, na sahani yake akaifanya ya mtoto. Mizani ya chumbani, aliyoitengeneza mwenyewe, ikashuka, naye akashangilia kila kilo kama mtu aliyezaa. Alikuja kuwa mwembamba hata shingo ikapwaya ndani ya kola. Mwaka uliofuata alirudi kwenye lile tundu akapita kama paka. Lakini mawe sasa. Safu ya kwanza alimaliza kwa kutetemeka, na katika ya pili jiwe likamchoropoka, likagonga ukingo wa zege likameguka pembeni. Wenye kazi hiyo wanajua maana yake. Jiwe lililomeguka limepungua uzito, si jiwe tena, limeshakuwa mwongo. Halikuwahi kutokea tangu aajiriwe. Alipelekwa kwenye mizani za mezani kwa muda, akashinda kutwa akipima vijiko vyake, hasemi na mtu.

Akazira mbio. Viatu alimpa shemeji yake. Jirani yetu seremala alikuwa na jimu nyuma ya karakana, vyuma vya kuchomelea na benchi la mbao, na vijana wakimwita Kocha. Kocha alimwambia Bwana Gramu, kwa maneno yale yale ya daktari, kwamba siku za vyuma ziwepo na siku za mbio ziwepo. Marehemu alikubali kwa kichwa na kukataa kwa moyo. Akanyanyua tu, na akala kama anayenyanyua, yaani akala kwa watu watatu. Nguvu zilikuja, hilo hatumnyimi. Aliporudishwa kujaribiwa, mawe aliyabeba kama mikate, kila mkono na lake. Kisha akaenda tunduni, akasimama, akaushika mkanda wake, akalitazama tundu, na hakuthubutu hata kutanguliza mguu. Akarudi mezani mara ya pili.

Familia inakumbuka kipindi hicho bila raha. Alikuwa mpole siku zote, lakini wakati huo hata redio ilimuudhi. Alisema mwili wa mtu ni kama wale wenye maduka wasiotaka kunyooka: ukibana huku wanapata huku. Alisema amefanya yote mawili na yote mawili yamemdanganya. Ndipo mkewe, aliyekuwa akitia uzi kwenye sindano wala hakuinua macho, akamwambia neno ambalo ndani ya nyumba ile limebaki kama sheria.

"Baba watoto, hukufanya yote mawili. Ulifanya moja, ukaacha, ukafanya jingine."

"Mshika mawili..."

"Najua, moja humponyoka. Na miguu je? Unatembea kwa mingapi? Mbona hakuna uliokuponyoka?"

 Alikwenda kulala. Siku ya tatu akaenda kumwomba shemeji yake viatu, na shemeji akavirudisha huku akicheka.

Kuanzia hapo akafanya kama alivyoambiwa tangu mwanzo. Siku tatu za juma vyuma kwa Kocha, vyuma kwanza wakati mwili una nguvu, na mwishoni mbio fupi. Siku mbili alitembea kwa kasi kupanda mlima wa tangi la maji, mwendo wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Siku zilizobaki alipumzika, na kupumzika ndiko kulikomshinda zaidi. Sahani ikarudi kuwa ya mtu mzima, wanga kidogo, mayai na maharage kwa wingi.

Na mizani ya chumbani haikusogea.

Hili mtu asiye fundi wa mizani angelivumilia. Yeye hakuweza. Miezi ikapita, kipimo pale pale. Aliifungua mizani akaisafisha. Akaazima mawe ya ofisi kuijaribu, ikasema kweli. Akamwita kaka yake apande, akampandisha na shemeji, akampandisha hata Kocha aliyepita kuomba maji. Kila mtu alipimika sawasawa. Basi akaketi kitandani akasema anaacha, hawezi kubishana na mizani aliyoitengeneza kwa mkono wake. Mkewe akatoka na suruali yake ya kazi, ile ya kijivu, akamgeuzia ndani amwonyeshe mshono. Alikuwa ameipunguza kiuno mara mbili bila kumwambia, na mikono ya shati la kazi aliilegeza.

"Mizani yako inajua kilo," alimwambia. "Haijui kama ni mafuta au ni nyama. Kiuno kinaondoka, mkono unajaa. Sasa wewe unataka ikwambie nini?"

Alipitisha kidole juu ya ule mshono. Kisha, kwa kuwa alikuwa yeye, akauliza tepu ile imekaguliwa lini.

Tarehe 11 Machi 2013 alipanga mawe yote kwenye mizani ya kiwanda cha saruji, akakuta kipimo kimepotoka kidogo, akainua kifuniko, akashuka, akarekebisha, akapanda. Msimamizi alisimama pale hadi mwisho. Ndugu yetu alirudishwa kitengo chake, na alikaa humo miaka saba mingine. Ilikuwa miaka yake mizuri kupita yote, na sukari yake ilitulia. Tunasikitika tu kwamba ingekuwa kumi na moja kama angesikia la daktari siku ya kwanza.

Sasa tufike kwenye ugonjwa, na hapa mtuvumilie. Mnamo Septemba 2020 mizani ya chumbani ilianza kushuka. Yeye alifurahi. Aliona juhudi ya miaka imeitika, akaongeza mbio. Majirani walimpongeza njiani, kwamba mzee unarudi ujana, na wengine wakamwomba siri. Mkewe ndiye aliyeshika tepu, si kiunoni bali mkononi, akakuta mkono umepungua kuliko kiuno. Alimsihi aende hospitali. Akasema mama watoto, nimehangaika kwa kipimo hiki zaidi ya miaka kumi, leo kimekuja mnataka nikikimbie? Alikwenda mwezi wa Januari. Daktari alisema ni saratani ya kongosho.

Kuna maneno yamesemwa hapa msibani tangu juzi, chini chini, kwamba Bwana Gramu ameuawa na vyuma, kwamba mtu mzima kunyanyua ni kujitafutia. Familia imeomba jambo hili lisomwe mbele ya watu. Si kweli. Daktari alituambia kwamba ile misuli ndiyo iliyomwezesha kustahimili dawa kali hata akapata miezi ambayo mwingine asingepata. Wanaosema hivyo wengi ni wale wale waliompongeza alipokuwa akikonda kwa ugonjwa. Hatuwalaumu, naye mwenyewe alikosea hapo hapo. Lakini inauma.

Wiki mbili kabla ya kifo, msimamizi alikuja kumjulia hali. Marehemu hakuuliza mafao wala barua. Aliuliza nani anashuka shimoni siku hizi. Msimamizi akamwambia ukweli, kwamba wameajiri vijana wawili. Mmoja ana nguvu, anapanga mawe. Mwingine mwembamba, anashuka.

Ndugu yetu alifumba macho. Tulidhani maumivu. Kumbe hasira.

"Na kipimo kikikataa," akauliza, "ataulizwa nani?"

Msimamizi alisogeza kiti karibu na kitanda.

"Mwanangu, hao si mafundi wawili. Ni nusu mbili. Waanzishe mazoezi. Mwenye mawe akimbie, mwembamba anyanyue. Waambie watachukia mizani mwanzoni." Akapumzika kidogo. "Na wasingoje kama mimi."

Msimamizi aliahidi. Yupo hapa leo, na wale vijana wapo, ndio hao waliobeba jeneza upande wa kushoto. Tumeelezwa kwamba wameanza kwa Kocha juma lililopita, na kwamba wote wawili wanalalamika.

Bwana Gramu alifariki nyumbani tarehe 17 Juni 2021, asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, kaka yake mkubwa, dada yake, mashemeji wengi, na kitengo kizima cha mizani za malori. Baba na mama walimtangulia. Familia inawashukuru wauguzi, majirani, Kocha na wote waliokesha nasi.

Lala salama, ndugu yetu. Pumzika, hata Kocha anasema leo ni siku yako ya kupumzika.